Siku Tatu za Kimya Kisiwani Pachani

Siku yangu ya kwanza kazini nilimfukuza ndege ambaye wageni wanne walikuwa wamevuka bahari kuja kumwona. Sikukusudia. Tulikuwa ndani ya boti kwenye kijito kimoja cha delta, chini ya Nyamisati, wageni wameinua darubini zao na Meneja amekaa nyuma yangu. Kundi la ndege wadogo likainuka kwenye majani, nami kabla sijajijua nikapiga ukelele na makofi, na ndege wao akatoweka pamoja nalo. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto wa Kindengereko wa kule visiwani, hajajua hata kufunga msuli, amekwishapandishwa dunguni kuamia ndege. Kwa nyinyi mliokulia barabarani Kibiti, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Kuamia ni kukaa humo tangu alfajiri mpaka jua linazama, unapiga kelele, unavuta kamba zenye makopo, unarusha udongo kwa kombeo, ili ndege wasile chakula chenu.

Meneja hakunigombeza mbele ya watu. Tuliporudi gatini aliniita pembeni akaniambia, "Seifu, kwetu sisi ndege ndiye mpunga. Ukimfukuza tena, utarudi kwenye boriti zako."

Boriti zenyewe zilikuwa zimekwisha. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mikoko katika shirika moja la umma, napima unene wa miti iliyokatwa na kutenga boriti na mapau. Zikaja zama za ruksa. Maduka yakajaa sabuni na vitenge, mashirika yakaanza kupunguza watu, nami nikapunguzwa. Nilikuwa na mke, watoto wawili na Kiingereza cha kuombea maji. Kampuni ya utalii kutoka mjini ilipofika kutafuta mtu anayejua vijito, nilijipeleka mwenyewe bila kuitwa.

Kazi nilijifunza kwa aibu. Kwanza maji. Bamvu ni maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na hapo ndipo boti huingia ndani kabisa ya mikoko. Siku za maji mafu usijaribu, mtakwama topeni na wageni wenu mkitazamana na kaa. Kisha kulikuwa na hii habari ya saa. Wageni huonyeshana ndege kwa uso wa saa: mbele ya boti ni kumi na mbili yao, kulia ni tatu yao. Mimi nikawa nawaambia tatu kwa kufuata saa yetu, wanageuka kulia wote, na ndege yuko kushoto anajikuna. Walicheka, nami nikacheka, lakini usiku huo sikulala vizuri. Niliogopa kazi ile kuliko nilivyowahi kumwogopa kiboko.

Ndege aliyewaleta wengi alikuwa aina moja ya chozi, wale wadogo wenye mdomo mrefu wanaofyonza maua. Vitabu vyao vilisema hapatikani popote duniani ila ukanda wetu wa pwani na visiwa vyake. Sisi tulimwona tangu utotoni na hatukumpa hata jina la peke yake. Alipenda maua mekundu ya msinzi, mti mmoja wa mikoko, na misinzi mizuri kuliko yote ilikuwa kwenye kisiwa cha Pachani. Kando ya misinzi hiyo, hatua chache tu, lilianza shamba la mpunga la dada yangu Mwanahawa.

Mwanahawa ni mdogo wangu. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na shamba lile ndilo lililokuwa mume, ghala na karo ya shule.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu, masika yakielekea kuisha, Meneja alipata ugeni mkubwa: watu wanane wanaoandika vitabu vya safari. Wakimwona chozi, alisema, kampuni itajulikana. Wasipomwona, tufunge virago. Chozi yule hakuwa akitulia penye kelele. Meneja akaniagiza hivi: "Nataka Pachani kimya siku tatu. Hao ni ndugu zako, zungumza nao."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa, na lilikuwa langu, si la Meneja. Yeye alikuwa mtu wa mjini, kwake mpunga unatoka dukani. Mimi nilijua kwamba wakati ule mpunga ulikuwa katika maziwa, punje ni laini, ukiiminya inatoa maji meupe. Huo ndio wakati anaoupenda kwelea kuliko wowote, na kwelea haji mmoja. Nilijua, nikaenda hivyo hivyo.

Wenye mashamba ya mbali walikubali upesi, kelele zao hazikufika kwenye misinzi. Nilipomfikia Mwanahawa alikuwa dunguni na kamba mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kaka, wewe umekulia dunguni. Kwelea anahitaji siku ngapi?"

Nikamwambia siku tatu si kitu, na kwamba nikiona hatari nitampungia mkono kutoka kwenye boti, apige kelele zake zote. Akasema, "Haya. Wewe ndiye mkubwa wangu." Basi. Kwetu kaka akishasema, dada hana la kuongeza, na mimi niliutumia ukubwa ule kama mtu anavyotumia mundu wa kuazima.

Siku ya kwanza chozi hakutokea. Siku ya pili alipita mara moja, wageni wawili wakamwona, sita wakanuna. Siku ya tatu asubuhi tuliingia na bamvu, tukaifunga boti chini ya misinzi. Wageni walikuwa bado wanatafuta pale kwelea walipokuja. Walikuja kutoka upande wa bara, wengi, wanageuka pamoja angani kama kanga inayokung'utwa, wakaushukia mpunga wa dada yangu. Wageni walifurahi. Mmoja alisema hajapata kuona kitu kizuri kama kile, akaanza kupiga picha.

Nikainua darubini. Mwanahawa alikuwa amesimama dunguni, kamba ya makopo mkononi, hajaivuta. Alikuwa anatazama upande wetu. Niliuona uso wake karibu kama ninavyoiona karatasi hii. Nikauinua mkono wangu mpaka hapa, usawa wa kifua. Wakati huo huo mgeni mmoja akaninong'oneza kwamba chozi ametua, yuko kwenye ua la tatu kutoka juu. Wote wanane wakamwona. Alikaa pale kwa muda mrefu, na mkono wangu nikaushusha.

Meneja alinipa cheo baada ya safari ile. Mwanahawa alivuna makapi. Watoto wake wawili wakubwa waliacha shule mwaka ule, na mmoja hakurudi tena.

Niliomba uhamisho, maana kila nilipopita Pachani nilikosa pa kuweka macho. Nikapelekwa Mloka, kwenye kambi ya kampuni karibu na pori la akiba, chini ya Mkuu wa Kambi aliyenishangaa: tembo wakiingia kwenye mashamba ya watu, mimi ndiye wa kwanza kutoka na debe la kuwafukuzia, wakati kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wageni. Baadaye nikapata kazi Utete, ofisi ya maliasili, na huko ndiko nilikostaafia. Vijana wanaosomea uongozaji wa watalii hunijia wakitaka siri za kazi. Nawaambia wajue maji, wajue sauti, wasivae nyeupe. Wakiniuliza kama nilikuwa na furaha, nainuka kutafuta maji ya kunywa. Hata kuandika haya nimeinuka mara nne.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama Mwanahawa, anakaa Dimani kwa mwanawe sasa. Tulikula, tukazungumza habari za marehemu wetu, kisha, bila mimi kumgusia, yeye mwenyewe akaitaja siku ile.

"Watu walisema umeniuza kwa wazungu," akaniambia. "Miaka yote hii nawajibu, kaka yangu hakuniona. Angeniona angepunga mkono. Kutoka kwenye misinzi mpaka dunguni palikuwa mbali."

Alinitazama akingoja nimuunge mkono, na uso wake haukuwa na kinyongo hata kidogo.

"Kweli," nikamwambia. "Palikuwa mbali."