Mlango Namba 31964

Wauguzi ndio waliomwita Bi Milango, na mwenyewe hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kompyuta za hospitali. Mafaili ya wagonjwa, maabara, duka la dawa, kila programu ilikaa kwenye kontena yake, yaani kijisanduku chake ndani ya kompyuta, na kontena zote zilipangwa kwenye seva tano ndani ya chumba chenye baridi ya kuumiza meno. Kila huduma hutoka nje kupitia mlango wenye namba, ambao mafundi huuita poti, na yeye ndiye aliyeamua upi ufunguliwe na upi ufungwe. Miaka tisa hakuwahi kukosea, au tuseme hakuwahi kugunduliwa.

Miezi minne nyuma, wakunga wa zahanati ya ng'ambo ya mto walikwama. Lango kuu liliwakataa, na mjamzito yuko kitandani. Bi Milango akawafungulia mlango wa pembeni usiodai neno la siri, wa siku mbili tu. Siku mbili za mafundi mnazijua. Namba aliichagua mwenyewe: tatu mbele, kwa kuwa milango ya aina hiyo huanzia elfu thelathini, kisha 1964, mwaka aliozaliwa mama yake. Aliamini hakuna mwizi atakayehangaika na namba ya ajabu kiasi hicho. Tusimcheke, wangapi tunaficha ufunguo chini ya chungu cha maua?

Asubuhi hiyo alikuwa ameshika kikombe cha chai alipoona kwenye kioo cha kompyuta kwamba kuna mtu anabisha hodi. 31901. Kimya kidogo. 31902. Kisha 31903. Mgeni alipita mlango kwa mlango, hana haraka wala haya. Bi Milango akaukumbuka mlango wake wa 31964, bado wazi. Nyuma ya mlango ule mlikuwa na mafaili elfu kumi na moja, na moja lilikuwa la mama yake, aliyekuwa akimeza dawa za virusi vya ukimwi mwaka wa kumi na mbili sasa. Siri hiyo waliijua wao wawili nyumbani. Kaka yake hakuambiwa, na mama alishasema kwamba kaka akijua, aibu itamuua yeye mama kabla ya ugonjwa.

Akampigia mkunga mkuu.

"Dada, naufunga ule mlango sasa hivi. Tumieni karatasi."

"Sasa hivi? Nina mtu anasukuma hapa, sijui hata kundi lake la damu."

"Nitajie jina lake."

31951. Akaandika jina, akakosea mara mbili. 31957. Akalipata faili, akamsomea kundi la damu, mkunga akalirudia, ndipo akaufuta mlango. 31963. 31964. Mgeni alibisha, hakujibiwa, akaendelea na 31965.

Bi Milango alicheka peke yake huku machozi yakimtoka. Chai ilikuwa imemwagikia mapajani wala hakujua saa ngapi. Kisha, kwa kuwa ni fundi, akafungua kumbukumbu za mlango wenyewe, ambazo hakuwahi kuzisoma kwa sababu hakutarajia mgeni. Anwani ileile ya kompyuta ya mgeni ilikuwa imeingia siku kumi na tisa zilizopita, ikakaa saa mbili, ikatoka na kila kitu. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu hakuzihitaji zote. Leo alirudi kuangalia kama kuna mlango mwingine.

Alipiga simu nyumbani akiwa amekaa sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Kuna mtu amekupigia akasema ni wa hospitali?"

"Yule kijana mpole? Wiki ya pili sasa ananipigia. Dawa zangu zote anazijua, hata siku niliyoanza. Juzi kaniuliza kama kaka yako anajua. Nikamwambia hajui, na asijue. Akaniomba namba ya kaka yako, eti ya dharura."

"Ukampa?"

"Si ni mwenzenu?" Sauti ya mama ikashuka. "Tangu asubuhi kaka yako hapokei simu zangu."

Bi Milango alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mwanangu, huyo mtu habari zangu alizipata wapi?"

"Kwangu, mama."