Alichokuwa Akikifanya Nyuma ya Gari

Kila tulipotoka Kilosa kwenda Mikumi, mume wangu alisimamisha gari mahali pamoja. Ni baada ya kupita kijiji cha Ulaya, ndiyo, kinaitwa hivyo na utani wake tumeshauchoka, kwenye mwinuko wenye miombo upande mmoja na korongo upande wa pili. Pale hakuna nyumba, hakuna mtandao, hakuna hata muuza mkaa. Alizima gari, akashuka bila kusema neno, akazunguka hadi nyuma, upande wangu, akasimama huko. Mimi sikuwahi kushuka. Nilibaki kitini nikitazama mbele, nikilia.

Pale ndipo mtoto wetu alipofia mapajani mwangu. Wakati ule hatukuwa na gari. Tulikuwa tumekwenda kusalimia ukweni, jirani na Ulaya, mtoto akashikwa na degedege, na hospitali ya karibu ilikuwa ya Mikumi. Tulikodi gari la mtu. Hatukufika, na hatukujaliwa mwingine. Tangu tulipomzika, jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Si kwamba tulikubaliana. Lilikwama tu, na kila mwaka uliopita uliongeza ugumu wa kulitamka.

Kwa hiyo kituo kile kilikuwa kila kitu kwangu. Mume wangu hakuwa mtu wa kuonyesha machozi. Alikuwa fundi wa reli mpaka akastaafu, mkimya, mgumu kama nati iliyoota kutu. Lakini kila tulipokuwa tukienda, nilisikia kutoka nyuma ya gari pumzi ndefu ikivutwa kwa ndani, sss, kama ya mtu aliyemaliza kulia. Baada ya hapo alikawia tena kidogo, ndipo akarudi. Kila mara alinikuta nimeshajifuta uso, nami nikashukuru kwamba hajaniona. Tukirudi alisimama tena palepale, ila safari ya kurudi ile pumzi sikuisikia. Nilidhani kilio chake kilikuwa kinaishia kwenye safari ya kwenda.

Tukifika Ulaya tukiwa tunarudi, alinunua ndizi. Mkungu mzima, watu wawili! Nilimgombeza kwa sababu ya ndizi zile mpaka koo likakauka. Nilizigawa kwa majirani, nyingine zikaozea jikoni, naye safari nyingine ananunua tena, ananiambia, "Za leo nzuri, mama." Nilimwona mbishi wa makusudi.

Presha ilimwangusha shambani kwetu Chanzuru, na hakuamka. Tulikuwa tukiishi kwa biashara ya mchele, tunaununua vijijini na kuupeleka Mikumi kwa wenye migahawa ya madereva wa malori. Baada ya arobaini nikajifunza kuendesha. Kilosa yote ilinitazama, mama mtu mzima anayumba na pikapu kuukuu sokoni huku bodaboda wakinikimbia. Nikawaacha watazame.

Safari yangu ya kwanza peke yangu, nilipita Ulaya salama. Mbele kidogo gari likaanza kukohoa. Likavuta, likalegea, likavuta tena, na kwenye ule mwinuko likazima. Palepale, au karibu na palepale, maana sikwenda kupima kwa futi kamba. Nilikaa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili. Nilijikuta nasikiliza mlango wa dereva ufunguke, wakati dereva ni mimi. Nilipopiga stata baada ya muda mrefu, likawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Safari ya pili likafanya vilevile. Wifi yangu alipopata habari hakushangaa hata kidogo. "Kaka hataki upite pale bila kusimama," akasema. "Mwite mchungaji aliombee hilo gari, wifi, au liuze." Nilimcheka mbele ya watu. Nilipobaki peke yangu sikucheka. Nilikuwa naogopa, na nisiseme uongo, nilikuwa pia nafurahi. Kama ni yeye, basi bado anamlilia mtoto wetu, na mimi silii peke yangu.

Hata hivyo mchele hauendi Mikumi kwa furaha ya aina hiyo. Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja mwenye gereji karibu na reli. Akasema gari linakosa mafuta, lazima chujio limeziba. Akabadilisha chujio. Tukalijaribu hadi Kimamba na kurudi, likaenda vizuri, nikamlipa. Safari iliyofuata likazima kwenye mwinuko. Akafungua kabureta, akaiosha, akanionyesha uchafu wake kwa fahari kabisa. Tukaenda Kimamba, salama. Nikaenda Mikumi, likazima kwenye mwinuko. Akabadilisha pampu ya mafuta, nayo nikaigharamia, na mwinuko ukanishinda tena. Nikarudi gereji nimefura.

"Safari hii tunakwenda wote," nikamwambia. "Likizima, uone kwa macho yako."

"Sawa, mama," akasema, naye kwa sauti ya mtu aliyeanza kumwamini wifi yangu.

Aliendesha yeye. Nilikaa kiti changu cha zamani, upande wa kushoto. Tulipita Ulaya, gari likaanza kukohoa, fundi akatega sikio. Lilipozima pale, alishuka akafungua boneti, akachomoa mpira wa mafuta kwenye pampu na kuniomba nipige stata. Hakikutoka kitu. "Tenki lina mafuta, pampu mpya, na mafuta hayaji," akasema peke yake. Akazunguka nyuma, upande wangu. Nikatazama mbele, kama kawaida yangu.

Nikasikia: sss.

Pumzi ndefu ikivutwa kwa ndani. Nikaita jina la mume wangu kwa sauti. Fundi akaja dirishani na mfuniko wa tenki mkononi, anacheka kwa raha ya mtu aliyeokota alichokipoteza.

"Mama, umesikia? Tenki limekuwa likinyongwa. Mafuta yakitoka, hewa inatakiwa iingie ijaze nafasi yake. Mfuniko huu una katundu kake ka kupumulia, na kameziba. Likienda mbali, tenki linabana mafuta, pampu inavuta inashindwa. Kimamba ni karibu, ndiyo maana kule halizimi. Hata ukikaa ukasubiri, hewa hupenya polepole, likawaka. Lakini ukifungua mfuniko, unaondoka hapo hapo." Akaugeuzageuza. "Mzee hakuwa na mahali anaposimama akaufungua? Lazima alikuwa anajua."

Alirudisha mpira na mfuniko, akasema Kilosa atanitafutia mfuniko mwingine, kwa sasa twende hivyo hivyo kwa kuwa dawa yake tunaijua. Gari likawaka mara moja.

Tukafika Mikumi. Niliuza mchele bila kubishana bei, na wanaonijua wakaniuliza kama naumwa. Naumwa nini? Niliumwa na mume wangu. Miaka yote ile nimekaa kwenye kiti kile nikiamini kwamba nyuma yangu kuna mtu anayelia na mimi, kumbe kuna mtu anafungua tenki. Hata ile pumzi haikuwa yake. Nimemsamehe ukimya wake, nimemsamehe alivyokunja nguo za mtoto na kuzitoa nyumbani bila kuniuliza, yote kwa sababu ya kile kituo. Na kile kituo kilikuwa cha gari. Nilitamani awe hai nimgombeze hadi jioni.

Tulipokuwa tunarudi niliapa moyoni kwamba pale nitafumba macho. Nikafumba. Nilipoyafumbua, miombo ilikuwa imekwisha na gari linakwenda.

"Tumepita mwinuko?" nikauliza.

"Zamani, mama."

"Mbona halikuzima?"

"Lizime kwa nini? Kutoka Mikumi mpaka pale ni karibu, na tumerudi bila mzigo. Litazima, lakini mbele huko, tukishafika Ulaya."

Nilijaribu kukumbuka kama kuna safari hata moja ya kurudi ambayo hakusimama kwenye mwinuko. Sikuipata.

Ulaya tulipoanza kuingia, gari likakohoa. Likajikokota mpaka usawa wa meza za akina mama wauza ndizi, na hapo likakata. Mmoja wao alilitambua gari kabla sijashuka. Akaja na mkungu begani.

"Shikamoo, mama. Mzee hatumwoni siku hizi."

"Marahaba. Mzee ametangulia."

Akatua mkungu chini, akashika kichwa. Alinipa pole kwa muda mrefu, akaita na wenzake. Kisha akasema, "Alikuwa anakusema sana. Kila akija anatuambia, mke wangu bila ndizi za hapa halali."

Nyuma yetu fundi alikuwa anafungua mfuniko. Sss. Yule mama hakugeuka hata kutazama.

"Hiyo sauti unaijua?" nikamuuliza.

"Ya gari lenu? Si ndiyo yake! Anafungua hapo kwanza, ndiyo anakuja kuuliza bei."

Mimi kila alipoufungua hapo nilikuwa garini nimegeuza uso upande wa pili, nimevimba kwa sababu ya ndizi. Sikuwahi kusikia chochote. Ndizi ndizo zilizokuwa za gari. Alihitaji kusimama Ulaya afungue tenki, na akasingizia ndizi nisijue, na kwenye mwinuko wakati wa kwenda vilevile alikuwa na tenki la kufungua. Lakini kurudi? Kurudi, kwenye mwinuko, gari halikuwa na shida yoyote.

Nilinunua mkungu. Kisha nikamwambia fundi, "Geuza gari."

"Tugeuze twende wapi tena, mama?"

"Geuza."

Aligeuza. Tulipofika akasimama bila mimi kumwonyesha, maana mahali pale sasa na yeye alipajua. Nikashuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga udongo wa pale tangu siku ile. Nikazunguka nyuma, upande wangu, nikasimama alipokuwa anasimama, mkono juu ya mfuniko wa tenki, nikainua uso nione alikuwa anatazama nini.

Si msitu, wala si korongo. Kutoka pale, kupitia kioo cha nyuma cha kebini, unakiona kiti changu vizuri, na kitenge changu nilichokiacha juu yake. Mtu akikaa kitini akalia, utayaona mabega yake yanavyotikisika. Yakitulia, utaona pia.

Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimsubiri amalize.