Nyama ya Paka wa Kibugu

Juzi nilifungua kabati la jikoni kutafuta chumvi, nikakuta pakiti ya chakula cha paka iliyobaki nusu, mdomo wake umebanwa kwa kibanio cha nguo. Sina paka tena. Niliinusa hata hivyo, ile harufu ya samaki mkavu na vumbi, kisha nikakaa kwenye stuli hapa Embu mjini na kuacha maharagwe yakauke motoni. Mawazo yalikuwa yamekwenda Kibugu, kwa nyanya yangu aliyenilea. Sisi wajukuu tulimwita Cucu.

Wewe uliyekulia kwenye majani chai unaijua baridi ya kule. Ukungu hushuka kutoka msituni kabla jogoo hajamaliza kuwika, na ukichuma chai asubuhi vidole vinakufa ganzi. Tulichuma kabla ya kwenda shule, tukarudi jioni kuteka maji na kuchambua maharagwe ya githeri, yale ya kuchemshwa na mahindi. Jikoni kulikuwa na moshi, mafiga matatu, na paka. Cucu hakuwafuga kwa mapenzi tu. Ghala la mahindi lilikuwa lake, na panya walikuwa wa kila mtu.

Siku ya soko tulishuka pamoja hadi Kianjokoma. Mwenye bucha alikuwa Mwislamu aliyezaliwa Meru mjini, mpole, mwenye kofia nyeupe isiyowahi kuchafuka hata akipasua ng'ombe mzima. Akimwona Cucu alikuwa akiinama chini ya meza na kutoa furushi la majani ya mgomba.

"Mama, ya paka iko tayari. Leo nimeweka na moyo."

"Mungu akuongeze, baba."

Ndani ya majani mlikuwa na mapafu, wengu, na vipande vya moyo ambavyo wateja hawakuvitaka. Nyumbani Cucu aliketi kwenye kigoda, akavikata vidogo vidogo juu ya gogo, akavisogeza karibu na jiwe la moto hadi baridi ivitoke. Havikuiva. Paka walisikia kisu kabla ya sisi kusikia chochote. Walitoka darini, mikia juu, wakazunguka miguu yake wakilia kwa sauti nyembamba. Aliwaita kwa kugonga ulimi nyuma ya meno, mara chache, polepole. Kila mmoja alipewa mahali pake. Waliokula walinguruma huku wakitafuna, na mimi nilichuchumaa nikiwatazama mpaka niitwe kwenda kulala.

Jirani yetu alikuwa mwalimu aliyehamishwa kutoka magharibi, kwa hiyo yeye na Cucu walizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake. Jioni moja alikuja na pakiti ya chembe kavu aliyotumiwa na binti yake wa Nairobi.

"Cucu, nyama mbichi ina minyoo. Itaingia kwa paka, halafu iingie kwa hawa watoto."

Cucu alimimina chembe mkononi, akazinusa.

"Mwalimu, wewe umesoma, mimi sikusoma. Lakini hii ni chakula ya kuku."

"Ni ya paka. Picha hiyo hapo."

"Paka hana jiko, mwalimu. Ukimpikia unamfundisha kuwa mtu, na watu tumetosha."

Walicheka wote wawili, Cucu akamkaribisha chai. Lakini mwalimu hakuwa amesema uongo. Mwaka huo watoto wa paka walivimba matumbo wakafa mmoja baada ya mwingine, na Cucu akaenda dukani kununua dawa ya minyoo bila kumwambia mtu. Kukata nyama hakuacha.

Miaka ilikwenda. Mwalimu alistaafu akarudi kwao. Mwenye bucha alifariki, na pale alipotundika nyama sasa wanauza simu. Cucu alibaki na paka mmoja wa kijivu, wa mwisho wa ukoo ule, akimkatia nyama kwa mikono inayotetemeka. Msimu huu wa mvua ndefu tulimzika Cucu. Baada ya mazishi mjomba wangu alinionyesha paka aliyelala juu ya jivu baridi.

"Huyo mchukue. Sisi siku hizi tuna sumu ya panya."

Nilimleta mjini ndani ya kikapu cha chai. Hakula siku ya kwanza, wala iliyofuata. Daktari wa mifugo, msichana mwenye huruma, alimpapasa mbavu akatikisa kichwa.

"Mpe hii ya pakiti, ina kila kitu anachohitaji. Akiendelea kukaa na njaa, ini litaharibika."

Nikampa ile kavu. Nikampa ya majimaji. Aliigeuzia mgongo. Basi nikaenda bucha ya hapa mtaani, nikaomba mapafu na moyo. Kijana wa bucha akaniuliza kama ni ya mbwa. Nyama ilitoka kwenye friji, ngumu kama mti. Niliikata vidogo, nikaisogeza karibu na moto wa gesi kwa sababu mafiga sina, ikaanza kuiva pembeni ilhali katikati bado ni barafu. Nikachuchumaa, nikagonga ulimi nyuma ya meno.

Paka aliinua masikio. Alinitazama, kisha akatazama mlango nyuma yangu, kwa muda mrefu. Halafu akalaza kichwa juu ya miguu yake, nyama hakuigusa.

Daktari alimtundikia maji, akamlisha kwa bomba la sindano, lakini alikufa mikononi mwangu. Nilimzika kando ya ua, mahali mwenye nyumba alipokubali. Kule Kibugu mjomba amebomoa jiko na kupanda chai hadi mlangoni. Ukipita barabarani hutajua kuwa hapo kulikuwa na moto.

Wengine huniambia paka alikuwa mzee, kwamba si pakiti wala nyama ingemwokoa. Labda. Lakini bado najiuliza. Je, Cucu alichanganya ini? Aliisogeza nyama karibu na jiwe kiasi gani, na alijuaje kwamba baridi imetoka? Alianza kugonga ulimi kabla ya kuweka nyama chini, au baadaye? Hakuna wa kumwuliza. Nilichuchumaa kando yake utoto wangu wote, na utoto wangu wote nilikuwa namtazama paka.