Gari la Kuonwa na Wakwe

Juzi, kwenye gereji moja mjini Kisii, nilimkuta jamaa ameinama mbele ya gari lake kubwa la kifahari, la mitumba, kama mtu anayeuguza mgonjwa. Springi za hewa zilikuwa zimekwisha, gari limelala tumbo chini. Mama yake akaingia, ametoka kijijini kwao Gesima.

"Jumapili wakwe wanakuja kumposa dada yako. Gari liko wapi?"

"Ni hilo, mama. Haliwezi kutembea."

"Nani amesema litembee? Nataka lisimame uani, walione."

Jamaa alijipangusa uso, akaagiza lori la kulibeba.

Jumapili nilipita kwao Gesima. Gari linang'aa kwenye nyasi, wageni wanalizunguka kwa heshima. Mwenye gari alikuwa barabarani, amevaa suti, anangoja bodaboda imbebe akalete soda.