Kaa Waliotoka Majini

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, nilikuta kaa wametoka kwenye chemchemi yetu kule bondeni Mshangano, wametapakaa kwenye majani na jua limeshawaka. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja tu, dada yako Skola, naye ndiyo kwanza alikuwa anaanza uji. Wale kaa sikuwapenda, walizoea kunibana vidole nikichota, basi nikafurahi kwamba leo wamenipisha. Nikajaza ndoo, nikapanda nayo kilima.

Bibi yako, mama mkwe wangu, alinikuta nampozea Skola uji. Nikamsimulia habari ya kaa huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Kaa mchana kutwa anajificha chini ya jiwe," alisema. "Huko nje amefuata nini? Mtoto ameshakunywa?"

"Kidogo tu, mama."

Akaumwaga uji, akaimwaga na ndoo, maji niliyoyabeba kwa shingo yangu. Niliumia, sikufichi. Mara baba yako akaingia kutoka kwenye kitalu cha tumbaku, pampu ya dawa mgongoni, safi kabisa. Bibi yako akamuuliza ameioshea wapi. Juu kidogo ya chemchemi, akajibu, kwani maji si yanatembea? Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, dawa za kupulizia zinauzwa mnadani kwenye chupa za soda, na wa kukueleza ukali wake hakuna.

Mchana Skola alitapika, akalegea. Tulikimbia naye hospitali, na njia nzima nilikuwa naweka sikio puani mwake nisikie kama anapumua. Alipona, namshukuru Mungu. Kaa walichelewa sana kurudi.

Sasa shamba lile ni lako, na pampu yako ni kubwa kuliko ya baba yako. Juzi nimeshuka bondeni na magoti yangu haya mabovu, nikageuza mawe. Sikuona kaa, wala kiluwiluwi. Maji ni meupe, wajukuu wangu wanayanywa, nami usingizi hauji.

Nisikilize, mwanangu. Pampu ioshwe shambani, mbali na maji. Kaa waache wakae, hata wakibana watoto vidole. Siku wakitoka, usichote kabla hujajua kilichowatoa. Na sasa hivi, kabla sijaondoka, nenda kaimwage ile ndoo iliyoko jikoni kwako. Mungu akujalie, wewe na wanao, maji yenye kaa.