Alishinda kwa Hoja, Akampoteza Khalil

Ni saa tisa alasiri, na katika nyumba moja ya mtaa wa Hail, Muhsina Sleiman anabana koni ya hina juu ya kiganja cha bibi harusi. Bibi harusi huyo, Aseel, anasoma ujumbe wa bwana harusi kwenye simu aliyoishika kwa mkono ambao haujapakwa.

"Bi Muhsina, ananambia eti mimi na yeye tushakuwa mtu mmoja," anasema akicheka. "Nipe jibu la kumkata kauli."

"Mimi simo, mwanangu," anajibu Muhsina bila kuinua macho. "Mwambie umefurahi."

Muhsina, mwenye umri wa miaka 41, anafanya kazi hii mwaka wa ishirini sasa. Msimu wa harusi huingia nyumba tano au sita kwa wiki, na bibi harusi mmoja humlipa riali 25.

Familia yake ilitoka Unguja, na kwao kujibizana kwa mashairi ulikuwa mchezo wa kila siku. Ndiyo maana alipokuwa na miaka 24, karani mmoja wa duka la vipuri, mtaa wa Wadi Kabir, alimtongoza kwa mashairi. Tumwite Khalil, kwani Muhsina ameomba jina lake halisi lisitajwe.

"Hakunisifu macho wala nywele," anakumbuka. "Alikuwa akinijengea hoja, kama yuko mbele ya kadhi."

Aliwahi kumwandikia kwamba jua la Hail na la Wadi Kabir ni moja, basi wao wanaishi nyumba moja, ila vyumba mbalimbali. Muhsina akamjibu kuwa jua hilo linamwangazia hata mbuzi.

Kisha Khalil akapata uhamisho wa kwenda Salalah, mji wa mbali kusini. Kabla ya kuondoka alitaka neno la Muhsina, ili awatume wazee wake kuposa. Akaandika:

*Roho zilishajuana, kabla hatujazaliwa,*
*Kwa nini tunakanana, nawe wangu ushakuwa?*

Muhsina akamjibu: kama roho zishakutana, viwiliwili vina haja gani? Nenda Salalah salama.

"Nilikuwa nnamtaka," anasema. "Nilidhani atarudi na hoja nyingine, na hapo ndipo ningekubali."

Jibu lilikuja siku ile ile: "Umeshinda, Muhsina. Sina la kuongeza."

Alimwonyesha binamu yake, Kheiria, wakacheka pamoja. Wiki ikapita, kisha mwezi. Muhsina hakuandika. Aliona haya kuomba yeye mwenyewe ashindwe.

Miaka miwili baadaye aliitwa kumpaka bibi harusi mmoja wa Seeb. Kama ilivyo desturi, aliombwa afiche jina la bwana harusi ndani ya maua ya hina. Aliuliza jina, akatajiwa. Akauliza ni yupi. Akaambiwa ni yule wa Salalah, aliyekuwa karani Wadi Kabir.

"Nikaliandika," anasema Muhsina. "Halikupinda hata herufi moja. Mpaka leo najilaumu kwa nini halikupinda."

Baadaye waliposa wengine, akawakatalia. Khalil sasa ana watoto wanne, na Muhsina anasema hatamtafuta.

Mwezi ujao, wanawake wa mtaa wa Ansab watakutana nyumbani kwa rafiki yake, Khole, kusomeana mashairi. Kwa mara ya kwanza, Muhsina ameahidi kusoma lake. Ameshaandika beti saba, zote za mwanamke anayebishana na mwanamume.

"Bado ubeti wa mwisho," anasema. "Humo nataka nishindwe."