Mwezi Juu ya Altare

Niliacha shule darasa la sita, wazazi wetu walipofariki, nikawa mbeba ndoo wa mafundi rangi hapa kisiwani, Kilindoni, ili wadogo zangu wasome. Kwa hiyo siku padri aliponiita nipake kanisa lao ndani, mimi kama fundi, nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani.

Ila katekista, mzee wa bara anayelitunza kanisa, alitaka fundi kutoka Dar es Salaam. Padri akaamua nianze na dari ya juu ya altare tu: bluu yenye nyota nyeupe. Ikipendeza, kanisa zima langu. Isipopendeza, aje huyo wa Dar.

Tulivua viatu mlangoni, mimi na mdogo wangu wa kike, kama tulivyozoea msikitini. Nikavaa suruali ndani ya dera, nikapanda jukwaa la miti, nikalala chali. Ukikaa hivyo kutwa, unaona kama dari ndiyo sakafu na wewe ndiye unayeelea. Nyota ndogo nilizichora kwa tundu nililokata kwenye boksi la biskuti. Ile kubwa ya katikati niliichora kwa mkono, raha imenijaa.

"Dada, unaimba kaswida kanisani!" mdogo wangu akanitania kutoka chini. Nikacheka mpaka jukwaa likatikisika.

Katekista akaingia. Akatazama juu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi, na huo mwezi?"

Nikatazama. Katikati kabisa palikuwa na mwezi mwandamo, mwembamba, umekumbatia nyota yangu kubwa. Miaka yote nimechora nyota kwenye mabango ya maulidi na kuta za madrasa, na huko nyota haikai bila mwezi wake. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe.

"Dada," mdogo wangu akasema, kanga mdomoni, "umelisilimisha kanisa."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. "Nitaufuta, mwalimu."

"Bluu bado mbichi, utaichafua yote." Akazunguka jukwaa, mikono nyuma. "Nyie mnafunga mwezi ukiandama, siyo?"

"Ndiyo."

"Sisi Pasaka yetu hungoja mwezi ujae kwanza. Basi ujaze."

"Niujaze?"

"Uwe mpevu! Na hiyo nyota imezwe humo humo."

Nikaujaza, duara nikilipima kwa mfuniko wa ndoo. Alipotazama tena aliketi kwenye benchi, shingo nyuma, muda mrefu.

"Kesho mwanze kuta," akasema. "Kuta ni nyeupe tupu. Mmenisikia?"

"Nyeupe tupu, mwalimu!"

Nilishuka haraka, mdogo wangu akanidaka, tukatoka mbio, mikono ya bluu, tukipiga kelele kama watoto. Tulikuwa tumefika nusu ya njia ndipo tukagundua kwamba viatu tumeviacha mlangoni mwa kanisa.